Hana Alimjibu Eli

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii tusome Samweli wa Kwanza, sura ya 1, mstari wa 9 hadi wa 18. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya machozi ya Hana, mke aliyekosa mtoto. Safari hii naomba tumtazame kuhani Eli. Hana anaomba moyoni, midomo inacheza, sauti haisikiki. Kuhani amekaa kitini karibu na mlango, anamwangalia mdomo, na tayari ameshahukumu: huyu amelewa. Hajamuuliza hata jambo moja. Ni mzee wa kazi, ameona wengi, basi anajua.

Dada mmoja wa hapa Tabora ameniuliza kama kumwacha daktari wake ni kukosa imani. Ana miaka 36, na yeye na mumewe wanatafuta mtoto mwaka wa tatu sasa. Daktari ni mtu mzima, anaheshimika, ndiye aliyemzalisha dada yake mkubwa. Kumhama ni kama kumvunjia heshima. Ila kila akienda anatoka na vidonge vya kupevusha mayai na maneno yaleyale: "Punguza mawazo, mama, utapata tu." Mume hajawahi kuitwa hata siku moja.

Hapo kwenye mume ndipo niliposhtuka. Shirika la Afya Duniani linahesabu miezi 12 ya kujaribu bila kinga ndipo liite hali hiyo ugumba, na kwa mwanamke aliyefikisha miaka 35 madaktari hushauri uchunguzi uanze mapema zaidi, baada ya miezi 6. Uchunguzi wenyewe ni wa watu wawili. Kipimo cha mbegu za mume ni cha mwanzo kabisa na hakina maumivu: anakaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha anatoa sampuli. Mke naye huangaliwa kama mayai yanapevuka na kama mirija ya uzazi iko wazi. Mirija hutazamwa kwa picha ya eksirei inayopigwa huku dawa ikipitishwa kwenye kizazi, maana maambukizi ya zamani ya nyonga yanaweza kuiziba bila mtu kujua. Vidonge vya kupevusha mayai havizibui mirija, wala mke akivimeza haviongezi mbegu za mume. Miezi inayopita hivyo, katika umri ule, hairudi.

Je, ahame? Rudini kwa Hana. Hakununa akaondoka, wala hakunyamaza ili asimkosee kuhani. Alisema, "Hasha, bwana wangu," akaeleza hali yake ilivyo. Heshima ipo, na ukweli upo. Eli naye aliposikia alibadilika, akamwambia aende kwa amani. Aliyekosea ndiye aliyembariki.

Kwa hiyo nilimwambia arudi mara moja zaidi, safari hii na mumewe, wamuulize daktari anadhani tatizo liko wapi, ni nini kimepimwa na nini bado, na dawa hizi zisipoleta mimba hatua inayofuata ni ipi. Akisema "mmeuliza vizuri, tuanze na baba," wabaki. Akikasirika, au akirudia wimbo wa mawazo, wana ruhusa ya kuondoka bila kujilaumu. Wanaweza kumwona daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, na ikibidi waombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Watoke na nakala za majibu yote. Daktari mpya hahitaji kusimuliwa ubaya wa yule wa kwanza. Anahitaji karatasi, asije akawaanzisha sifuri kwa gharama zao.

Lakini kuna kuhama kwingine ninakokuogopa. Mtu anaambiwa ukweli mgumu, anaondoka kumtafuta atakayemwambia jingine, na siku hizi hawakosekani: mabango yanayoahidi mimba kwa uhakika, chupa za mizizi, na hata wahubiri wanaoamuru watu watupe dawa. Yule mwanamke wa Marko 5 alimaliza mali yake yote kwa matabibu wengi na hali ikazidi. Wengine humtumia kuisema vibaya hospitali. Siwaungi mkono, Maandiko hayohayo yanamwita Luka tabibu mpendwa, na Yoshua bin Sira 38 anatuagiza tumheshimu tabibu, akiongeza kwamba tabibu naye humwomba Mungu. Anayekuahidi mtoto kwa uhakika amejitwalia nafasi isiyo yake.

(Najua kuna watakaouliza kuhusu kutungisha mimba nje ya mwili. Kanisa lilieleza msimamo wake mwaka 1987, na padre anaweza kuwafafanulia. Ila tusirukie huko wakati mume hajapimwa.)

Na Elkana, mume wa Hana? Alimpenda mkewe kweli, akamuuliza kama yeye si bora kwake kuliko watoto kumi. Swali tamu, lakini halikumfuta Hana machozi. Waume wa jumuiya yetu, twendeni nao kliniki, tukae kwenye benchi, tuitwe na sisi.

Tuwaombee ndugu zetu hawa. Miadi yao ni Alhamisi asubuhi, na mume ameshaomba ruhusa kazini.