Posta ya Lushoto na Stempu Zilizofukiwa

Mgeni anayetaka kuijua historia ya Lushoto huelekezwa Irente, akaitazame nyika ya Mazinde kutoka juu. Mimi ningemwelekeza posta. Enzi za Wajerumani mji huu uliitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari Wilhelm wa Pili, na jina hilo ndilo lililogongwa kwa mhuri juu ya kila barua iliyotoka hapa mpaka Waingereza walipoiteka Usambara mwaka 1916.

Wajerumani walifungua posta zao za kwanza Dar es Salaam na Bagamoyo mnamo Oktoba 1890, kisha huduma ikaenea bara. Gharama ya barua ilihesabiwa kwa pesa, ambapo pesa 64 zilifanya rupia moja, hadi mwaka 1905 mfumo ulipobadilishwa na rupia ikawa hela 100. Mwaka huohuo reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo, na kwa kuwa gari moshi halikuwahi kupanda mlima, barua za Lushoto zikawa zinashushwa stesheni na kupandishwa kwa barabara ile ya makona inayopita Soni.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha Vuga, makao ya kale ya watawala wa Usambara wa ukoo wa Kilindi, ambako wamisionari wa Kijerumani walikuwa na kiwanda cha uchapaji. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Uingereza zilifunga pwani na stempu zikaanza kuadimika koloni zima. Serikali ikawageukia wachapaji wa Vuga, nao mwaka 1916 wakachapa stempu za aina tatu: za hela mbili na nusu, za hela saba na nusu, na za rupia moja. Kabla hazijaanza kuuzwa, meli iliyoitwa Marie ikapenya kizuizi na kutia nanga Sudi, karibu na Lindi, ikiwa na shehena ya vita pamoja na stempu kutoka Ujerumani. Zile za Vuga zikakosa kazi, na Waingereza waliposonga mbele zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwao. Zilifukuliwa mwaka 1921, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu, zikapelekwa Ujerumani kuuzwa kwa wakusanyaji. Nakala zake zingestahili kutundikwa katika posta ya Lushoto, kwa maana ni kazi ya mikono ya Usambara hii hii.

Yaliyofuata yanafahamika: stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga, kisha za pamoja na Kenya na Uganda, halafu Jumuiya ikavunjika mwaka 1977 na kila nchi ikashika njia yake. Shirika la Posta kama tunavyolijua lilianza kazi mwaka 1994, baada ya kutenganishwa na simu.

Kwa sisi tuliokua vijijini, posta ilikuwa ni sanduku, tena la kuazima. Barua ya familia iliandikwa kwa S.L.P. ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya mwenye duka, na jina la mpokeaji likafuatiwa na maneno “kwa mkono wa” mwalimu fulani. Mwenye ufunguo wa kile kijilango cha chuma alijua nani ana mtoto Dar es Salaam, nani ametumiwa mani oda na nani hajaandikiwa tangu masika. Simu ya maandishi, yaani telegramu, ililipiwa kwa kila neno, hivyo hata habari ya msiba ilibanwa ikawa maneno manne au matano, na salamu zikaachwa zisubiri barua.

Kutuma fedha kwa simu za mkononi, kulikoanza nchini mwaka 2008, kuliiondoa mani oda bila hata kuagana nayo. Hata hivyo sanduku lenyewe halijafa: shule, parokia na ofisi za halmashauri bado zinaandika S.L.P. kwenye vichwa vya barua zao, na vifurushi na barua za rejesta bado vinafuatwa dirishani kwa kitambulisho na sahihi.