Uzi wa jukwaani unavyoipandisha blogu yako Google

Kiungo (link) unachobandika kwenye uzi, yaani mjadala wa mada moja kwenye jukwaa la mtandaoni, chenyewe kama kiungo, hakikupi karibu chochote mbele ya Google. Tunaanza na hili kwa sababu wanablogu wengi hapa Dar wanapoteza jioni nzima wakibandika viungo JamiiForums na kwingineko, wanasubiri blogu ipande, haipandi, wanakata tamaa na majukwaa kabisa. Jukwaa lina faida kubwa, ila faida yake iko kwingine.

Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998 wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, waliijenga juu ya wazo moja: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa zenye uzito, nao una uzito. Watu wakauona mwanya, wakaanza kumwaga viungo vyao kwenye kila sehemu inayomruhusu msomaji kuandika. Januari 2005 Google, Yahoo na MSN wakakubaliana kuhusu alama ya nofollow, ambayo mwenye tovuti anaiweka kwenye kiungo ili kusema "hiki mimi sikidhamini". Septemba 2019 Google ikaongeza alama ya ugc, maalumu kwa viungo vilivyowekwa na watumiaji, na tangu hapo inazichukulia alama hizi kama dokezo: inaweza kukifuata kiungo, inaweza kukipuuza. Majukwaa makubwa mengi huziweka zenyewe bila kukuuliza.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Kwenye Chrome, hata ya simu ya Android, andika view-source: kisha ubandike anwani ya uzi hapohapo bila nafasi. Utaona msimbo wa ukurasa. Tafuta kiungo cha mtu yeyote aliyeweka tovuti yake, angalia kama karibu yake kuna rel="nofollow" au rel="ugc". Ukiziona, ujue kiungo chako nacho kitavalishwa hivyohivyo.

Wale wanaouza "viungo 500 kwa bei poa" waepuke kabisa. Mwongozo wa Google wenyewe unataja viungo vilivyopachikwa kwenye michango ya majukwaa na kwenye sahihi za chini ya michango kama mfano wa spamu. Aprili 2012 mabadiliko ya Google yaliyoitwa Penguin yaliziangusha tovuti nyingi kwa kosa hilo. Tangu Septemba 2016 Penguin iko ndani ya mfumo mkuu wa Google wa kupanga matokeo, na mara nyingi viungo hivyo havihesabiwi tu. Maana yake hela yako imekwenda na hata adhabu ya kukufumbua macho hukuipata.

Sasa faida ya kweli. Jukwaani ndipo watu wanapoandika tatizo lao kwa maneno yao wenyewe, na maneno hayohayo ndiyo wanayoyaandika Google. Kwa mwandishi wa Kiswahili hii ni hazina, maana zana nyingi za kutafutia maneno zimetengenezwa kwa Kiingereza, na zikiletwa kwenye lugha yetu zinarudi na kapu karibu tupu.

Chukua mfano wa mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla. Namba ya umeme, wengi wanaiita token, ina tarakimu 20, na ndani yake umefichwa muda iliotolewa, unaohesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993. Nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024, kwa hiyo kila mita ilitakiwa kuboreshwa kabla ya hapo. Mteja aliyenunua umeme alipewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kubadilisha ufunguo wa mita (msimbo wa siri ambao mita inautumia kuzitambua namba zake), la tatu ndilo lenye yuniti. Mwandishi wa kawaida angeandika makala yenye kichwa "Maboresho ya mfumo wa LUKU". Hakuna anayesachi hivyo. Mtu aliyesimama gizani Mbagala anaandika "nimepewa namba tatu za luku niingize ipi kwanza". Mwingine anaandika "mita inakataa token wakati nimelipa". Na hata baada ya tarehe ile kupita, lipo swali ambalo halikuisha: "nyumba ilifungwa muda mrefu, mita haikubali umeme". Maswali matatu, kurasa tatu zinazowezekana, na hakuna hata moja ambayo ungeibuni ukiwa umekaa peke yako mezani.

Kuyavuna kunahitaji utaratibu. Andika Google site:jamiiforums.com luku "naomba msaada", ukiacha alama za kunukuu zilivyo. Rudia ukibadilisha maneno ya mwisho: "wajuzi", "nifanyeje", "msaada wenu wakuu", "nawezaje". Kisha kwenye vichujio vya matokeo chagua mwaka uliopita, ili usijibu tatizo lililokwisha. Fungua jedwali lenye safu nne: swali kama lilivyoandikwa, anwani ya uzi, tarehe, na jibu lililotolewa kama lipo. Usisahihishe tahajia. Kama watu wanaandika "token" na si "tokeni", au "mita inaandika reject", hiyo ndiyo data yenyewe. Ukifika maswali 20 ya mada moja utaanza kuona yanavyojikusanya, na kila kundi ni ukurasa mmoja. Usiandike kurasa tano kwa swali lilelile lililogeuzwa maneno; zitanyang'anyana nafasi, zote zibaki chini.

Angalia pia nyuzi ambazo swali limeulizwa, wadau wakaweka kambi wakisubiri wajuzi, kisha hakuna aliyekuja. Hizo ndizo bora kuliko zote. Swali lipo, uhitaji upo, jibu hakuna.

Ukurasa wenyewe uanze na jibu. Kwa mfano wetu: ingiza fungu la kwanza, subiri mita ikubali, ingiza la pili, kisha la tatu, ukianza na la tatu mita italikataa kwa sababu ufunguo wake bado ni wa zamani. Kama una umeme wa zamani ulioununua na hukuuingiza, uingize kabla ya kubadilisha ufunguo, maana baada ya hapo hautakubaliwa. Hayo yakae kwenye aya ya kwanza na ya pili. Historia ya kwa nini mita ziliboreshwa ifuate chini kwa anayetaka. Tumeona kurasa nzuri zikifunguliwa na aya nne za salamu na umuhimu wa umeme katika maisha ya binadamu. Msomaji mwenye bando la kuhesabu hafiki aya ya tano, anarudi Google na kubofya jibu linalofuata.

Kichwa kiwe kifupi, herufi kama 55 hadi 60, na kibebe maneno ya swali. Vichwa vidogo viwe maswali yaliyotoka kwenye jedwali lako. Picha zipunguze hadi chini ya kilobaiti 100 kila moja kwa mfumo wa WebP. Na pale ambapo mahali ni sehemu ya swali, pataje: mtu anasachi "fundi friji Sinza" au "bei ya viwanja Chanika", hasachi "Tanzania". Ila usitaje kata ambayo huna la kuisema. Msomaji akifika akakuta jina la mtaa wake limewekwa kama chambo tu, harudi tena.

Ukimaliza, ingia Google Search Console, zana ya bure inayokuonyesha blogu yako inavyoonekana kwenye matokeo ya Google, bandika anwani ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu cha ukaguzi na uombe uorodheshwe. Inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Usiende jukwaani kabla ukurasa haujaonekana Google, na sababu yake ndiyo inayofuata.

Kosa kubwa kuliko yote, na linafanywa na waandishi wenye bidii hasa, ni kunakili makala nzima na kuibandika jukwaani, kisha chini kuandika "chanzo: blogu yangu". Google ikikuta maandishi yaleyale sehemu mbili, inachagua nakala moja ya kuonyesha. Jukwaa lililodumu tangu 2006, lenye mamilioni ya kurasa na viungo kutoka kila upande, mara nyingi litachaguliwa mbele ya blogu ya miezi minane. Makala yako inapanda kweli, lakini inapanda kwa jina la jukwaa, na ukurasa wako unapotea kwenye matokeo. Ukishafanya hivyo, omba wasimamizi wakuruhusu kufupisha mchango wako, au ubadilishe ukurasa wa blogu kwa kuongeza yale ambayo nakala ya jukwaani haina.

Jibu la jukwaani liandike upya, maneno kama 150 hadi 250, na limtosheleze aliyeuliza hata asipobofya popote. Hapa wengi wanagoma: sasa kwa nini aje kwenye blogu? Atakuja kwa yale ambayo uzi hauwezi kuyabeba vizuri: jedwali, picha za hatua moja moja, kikokotoo, orodha ya gharama unayoisasisha. Kuficha nusu ya jibu ili umlazimishe abofye ni kumtendea vibaya mtu aliyeomba msaada, na wanajamvi hulinusa jambo hilo haraka sana. Utaambiwa "mkuu, umekuja kutangaza biashara", na uzi umekufa hapo.

Akaunti mpya isiweke kiungo chochote kwa wiki mbili au tatu za kwanza. Jibu maswali kumi na tano hivi ya fani yako, bila kiungo. Soma kanuni za jukwaa husika, kwani mengine yana sehemu maalumu ya matangazo na ukitangaza nje yake unakula ban. Baadaye, kiungo kimoja kwa majibu matano au sita kinatosha, na kielekee kwenye ukurasa unaojibu swali hilo hilo, kamwe kisielekee kwenye ukurasa wa mbele wa blogu. Sema wazi kwamba blogu ni yako. Watu wanaheshimu hilo.

Kuna uzi mwingine ambao tayari unakaa nafasi ya kwanza au ya pili Google kwa swali unalolitaka. Usishindane nao mwanzoni. Ingia humo ujibu vizuri. Uzi huo utaendelea kusomwa kwa miaka na watu waliotoka Google moja kwa moja, na jina lako litakuwa humo. Kama ni uzi wa zamani na majibu yake yamepitwa na wakati, mfano wa LUKU kabla ya Novemba 2024, kuufufua si kosa. Anza kwa kusema nini kimebadilika na lini.

Makundi ya WhatsApp na Telegram, na makundi yaliyofungwa ya Facebook, ni mazuri kwa kuvuna maswali tu. Google haioni ndani, kwa hiyo jibu zuri ulilolitoa humo linazama na mazungumzo. Lichukue jibu hilohilo ulifanye ukurasa. Reddit, jukwaa kubwa la Marekani, nayo imepata nguvu kubwa kwenye matokeo ya Google miaka ya karibuni, na Februari 2024 kampuni hizo mbili zilitangaza makubaliano ya kutumia maudhui yake, lakini mazungumzo yake kuhusu Tanzania ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Inamfaa anayeandikia wageni au Watanzania walioko nje.

Kupima: kiungo unachokiweka jukwaani kimalizie na ?utm_source=jamiiforums&utm_medium=jukwaa ili Google Analytics, zana ya kuhesabu wageni wa tovuti, ikutenganishie wageni wa huko. Hakikisha ukurasa una alama ya canonical, inayoiambia Google anwani ipi ndiyo ya asili, na itaje anwani safi bila mkia huo. Programu nyingi za blogu zinaiweka zenyewe. Ila usihesabu mibofyo peke yake. Kwenye Search Console, baada ya wiki nne hadi sita, tazama mambo mawili. La kwanza, je, kuna watu wanaosachi jina la blogu yako? Hao ni watu waliokusoma jukwaani wakakukumbuka, na ndio wanaokuja kukutaja kwenye tovuti zao na makala zao, kwa viungo visivyo na nofollow. Kwa sababu hiyo jina gumu kuandika linakugharimu. Mtu aliyelisoma mara moja lazima aweze kulichapa kesho yake.

La pili, chuja maswali ambayo ukurasa wako unapata nafasi ya 8 hadi ya 20. Hapo Google inakuonyesha lakini watu hawakufikii. Soma maneno waliyoyaandika, uone lipi hukulijibu, uliongeze kwenye ukurasa kama kichwa kidogo chenye jibu lake. Mara nyingi utakuta ni swali lililokuwa kwenye ule uzi tangu mwanzo, kwenye mchango wa kumi na saba, lililoulizwa na mtu ambaye hakuna aliyemjibu. Rudi ukamjibu na yeye.