Nimerudi Rufiji, chini ya mwembe hakuna mtumbwi

Mama alikuwa hajamaliza kuitikia shikamoo yangu, macho yangu yalishafika chini ya mwembe. Mtumbwi wa baba haupo. Yamebaki mawe mawili uliyokuwa ukilazwa juu yake. Miaka 13 nimeishi Muscat, na kila nilipoota nyumbani Muhoro ndoto ilianzia pale: mtumbwi umelala kifudifudi, kuku wamejificha uvunguni, pondo limeegemezwa kwenye shina.

Na aliyeamuru uuzwe ni mimi. Mwaka 2017 nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia gogo lile halina kazi tena, aliuze, nitamwongezea anunue bodaboda. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mama alisema kitu kimoja tu: "Baba, maji hayajaaga." Nikamjibu kwamba zama hizo zimepita, lami ipo, Daraja la Mkapa lipo, nani leo anapiga kafi? Nilijiona mtoto mwenye akili, ninayewatoa wazazi kwenye shida.

Ninyi wa bondeni mnajua maisha yale. Mto unapanda, unamwaga tope, unashuka, na sisi tunaufuata nyuma na mbegu za mahindi ya mlao. Dungu, kibanda cha shambani juu ya nguzo, tulilijenga kwa kuamia ndege na kuwawinga nguruwe, lakini maji yakizidi ndiyo nyumba, tunapanda na vyungu na mikeka. Mwaka 1998, mafuriko ya El Nino, nilikuwa na miaka 10. Baba alitupakia sisi, mbuzi watatu na magunia ya mpunga, akatushusha juu kwenye nchi kavu, akarudi kwa watoto wa jirani, akarudi tena kwa bibi mmoja asiyeona. Hakuna aliyemtuma. Wiki nzima kabla ya siku ile alikuwa akiziba nyufa za mtumbwi, na kila alfajiri alikwenda kutazama kijiti alichokisimika ukingoni, maji yamepanda vidole vingapi.

Sasa sikilizeni ya Aprili 2024. Mvua zilikuwa zinapiga tangu mwisho wa 2023, na maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu yote mwisho wake ni huku kwetu. Usiku saa nne mdogo wangu akanipigia: "Kaka, maji yako kizingitini." Alfajiri simu yake haikupatikana tena. Siku mbili nilikwenda kazini kama maiti inayotembea.

Hayo mengine nimeyajua juzi, nimekaa kwenye mkeka na mama. Walimpandisha juu ya mwembe. Mwembe uleule. Ana miaka 68. Walimfunga kwa kitenge kwenye tawi asije akasinzia akaanguka, akakaa hivyo usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata, mpaka mvuvi mmoja wa jirani alipofika na mtumbwi wake, naye ilibidi awapeleke wawili wawili kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unamngoja yeye. Bodaboda waliikuta baada ya wiki kadhaa, imejaa tope hadi kwenye injini. Mama ananisimulia haya kwa sauti ya kawaida, huku anachambua mchele. Mimi sikuweza kumtazama.

Nilimwomba mdogo wangu tuhesabu. Mwaka 1998, kuanzia kwetu hadi kisimani, mitumbwi ilikuwa 11, naweza kutaja kila mwenye nao. Leo ni miwili. Katika ile iliyopotea, mmoja ulichanjwa kuni. Mmoja umekatwa, unanyweshea mbuzi. Mingine iliuzwa, na karibu kila uliouzwa, nyuma yake yupo mtoto aliyeko Muscat, Dubai au Dar aliyetuma pesa ya kitu kingine. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Hatukuwatelekeza wazazi wetu, tuliwatumia pesa kila mwezi, na pesa ile ile ndiyo iliyowavua nguo.

Mwezi ule wa Aprili Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri zaidi ya 200,000. Kabla nchi haijakauka, ikaja Hidaya. Jina la mabinti zetu, maana yake zawadi. Tarehe 4 Mei kimbunga kilitua Mafia, ng'ambo tu ya delta yetu, na mvua yake kubwa ikaiangukia Kilwa: zaidi ya milimita 200 ndani ya saa 24, wakati Mei nzima kwa kawaida huko haifikishi 100. Mito ikafurika, barabara ya Lindi ikakatika kwenye madaraja ya Somanga na mbele yake, magari yakalala njiani kwa siku kadhaa. Wazee walikuwa wakisimulia kimbunga cha Lindi cha 1952, sisi tukasikiliza kama hadithi za sungura. Kenneth ya 2019 ilikwenda Msumbiji, Jobo ya 2021 ikafifia kabla ya kufika pwani, tukaamini bahari yetu ina ulinzi.

Mimi sina hata udhuru wa kutokujua. Oktoba 2021 nilikuwa Batina, pwani ya Oman, kilipopiga kimbunga Shaheen. Niliona wadi, yaani korongo la mto wa msimu, iliyokuwa kavu asubuhi ikibeba magari, niliona helikopta zikiwachukua watu juu ya mapaa. Nikatoka pale na fikra kwamba mwokoaji ni mtu anayekuja kutoka mahali pengine. Baba angeicheka fikra hiyo.

Kila kijiwe hapa wanabishana kuhusu Bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme lililozuia mto wetu huko juu. Wapo wanaosema maji yaliyofunguliwa ndiyo yaliyotuzamisha, serikali ilisema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Ninachokiona mimi ni kwamba tangu Desemba 2022, lilipoanza kujazwa, mto una mlango, na mlango una mtu. Kijiti cha baba hakiwezi tena kusema kila kitu. Basi kila kitongoji cha bondeni kidai kuambiwa mapema, kwa jina la siku na saa, milango inapofunguliwa. Na tope je? Tope linalobaki bwawani halifiki kwenye mashamba ya mlao, na hilo sijasikia mtu akilizungumza kwa uzito.

Ninyi mlioko nje na mnajenga bondeni, nawaomba. Msijenge kwa picha za simu. Fundi atakupigia picha ya msingi Oktoba, udongo mkavu, jua zuri, utafurahi. Mtafute mzee mwenye kumbukumbu, mwambie akuonyeshe kwa mkono maji ya 1978 na ya 1998 yalifika wapi. Mimi nilijenga vyumba vitatu vya tofali pale baba alipokuwa akipanda mpunga. Alishaniambia bonde ni la kulima, si la kulala. Maji yalifika juu ya madirisha. Kiwanja cha juu kinauzwa ghali sasa, lipeni. Na kabla ya televisheni, kabla ya masofa, ulizeni nyumbani kwenu kama kuna mtumbwi na kama kuna kijana anayejua kuusukuma kwa pondo. Mdogo wangu ana miaka 29, hajui.

Jana nilikwenda kwa fundi, mzee aliyechonga ule wa baba. Mikono inamtetemeka, lakini tezo bado anaishika, na mjukuu wake anamsaidia. Miembe minene ya kuchonga imekuwa adimu, amepata mmoja upande wa juu, anataka wiki tano za kazi, na nusu ya pesa aipate kwanza mkononi. Nimempa yote. Niliporudi kumwambia mama, hakunisifu wala hakunilaumu. Aliuliza utabeba watu wangapi. Nikasema sita. Akanyamaza, akahesabu nyumba za jirani kwa vidole, akasema nirudi nikamwambie fundi auongeze urefu.