Jinsi nilivyopunguza kiuno cha jinzi ya mtumba

Jinzi niliiokota soko la mitumba la Karume kwa shilingi 5,000: kitambaa kizito, rangi haijapauka. Mapajani ilinikaa sawasawa, ila kiunoni ilipwaya mpaka ngumi inapita. Fundi akataka 4,000. Kwa suruali ya elfu tano? Nikarudi nayo nyumbani.

Mara ya kwanza niliboronga. Nilikunja pembeni nikashona kwa mkono, mifuko ikavutika na nyonga zikatokeza kama masikio. Nikafumua.

Dawa ilikuwa nyuma. Kwa wembe nilitoa kitanzi cha mkanda cha katikati, nikaachanisha ukanda wa kiuno, kisha nikafumua mshono wa makalio sentimita 15 kwenda chini. Nikaivaa ndani-nje, dada akanibania pini: sentimita 3 kila upande juu, zikipungua hadi sifuri chini. Ukanda niliukata katikati, nikiacha sentimita 1 ya kushonea.

Safari hii nilishona kwa cherehani. Sindano namba 14 ilikatika palipo na mikunjo minne. Nikaweka namba 16, iliyo nene zaidi, nikapagonga kwanza kwa mchi wa kinu pakalala, halafu nikazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu. Uzi wa rangi ya chungwa, kama wa mishono ya jinzi, sikuwa nao. Nimetumia wa bluu, na pale kiunoni kitanzi kimeuficha.