Usalama wa mionzi serikalini: kazi ipo, cheo hakipo

Wanaoniuliza "kaka, hiyo kazi ya mionzi inalipaje?" wameongezeka, wengi wao vijana wanaomaliza Fizikia. Basi tuelewane mapema: serikalini, mara nyingi usalama wa mionzi si ajira, ni barua. Mimi nimeajiriwa kama mwanafizikia tiba (mtaalamu wa fizikia wa vifaa vya mionzi vya tiba) katika hospitali ya rufaa, na mshahara wangu unafuata cheo hicho. Uafisa usalama wa mionzi nilipewa kwa barua ya ukurasa mmoja yenye mhuri wa mganga mfawidhi: "pamoja na majukumu yako mengine". Shilingi haikutajwa.

Na barua hiyo si pambo. Wakaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, wanaosimamia matumizi ya mionzi nchini, wakija, mtu wa kwanza wanayemtafuta ni mwenye barua. Kwa hiyo ukisikia wataalamu wanahitajika, ni kweli kabisa. Fedha za UVIKO-19 zilileta CT scan katika hospitali za mikoa, na kila mashine inataka mtu wa kuisimamia. Bandarini kuna skana za makontena. Wajenzi wa barabara wana vifaa vya kupima ushindiliaji vyenye sisiamu-137 ndani, na wanaokagua maungio ya mabomba hutembea na iridiamu-192; zote mbili hutoa mionzi. Namtumbo kuna urani ya Mto Mkuju. Lakini ingia Ajira Portal, tovuti ya nafasi za kazi serikalini, utafute "afisa usalama wa mionzi", utakesha. Tafuta mwanafizikia tiba, mtafiti, mkaguzi, mtaalamu wa mionzi. Kazi imejificha humo.

Sasa pesa. Mwenye digrii katika utumishi wa kawaida huanzia ngazi ya mshahara ya TGS D. Kada za afya na taasisi nyingine zina skeli zao. Ile nyongeza ya asilimia 35.1 iliyotangazwa Mei Mosi 2025 pale Singida ilikuwa ya kima cha chini, kutoka 370,000 hadi 500,000, ingawa mtaani kwetu kila mtu aliamini mshahara wangu nao umepanda hivyohivyo, na michango ya harusi ikaongezeka. Kabla hujapiga hesabu ya kiwanja, toa kodi, toa asilimia 5 ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya afya asilimia 3, na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kila mwezi. Ukiuona huo mstari kwenye salary slip ya kwanza utaisoma mara mbili.

Kinachookoa ni safari. Mkaguzi anayezunguka mikoani ana posho ya kujikimu. Mimi ninayekaa hospitali moja sina. Migodi nayo inalipa vizuri zaidi, ndiyo maana serikali inasomesha mtu, akiiva anaondoka. Simlaumu.

Hatari? Mama mkwe bado anaamini sitapata mtoto wa pili. Kikomo cha mionzi kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka, na beji yangu, kile kifaa cha kuvaa kinachorekodi mionzi, haijawahi kukaribia hapo. Shida ni beji zenyewe. Kuna hospitali moja ya wilaya nilikoombwa kwenda kusaidia: beji zote zilikuwa kwenye droo, safi, hazijavaliwa, na aproni ya risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi) imekunjwa mara nne kama kanga. Ikikunjwa hivyo inapasuka ndani, kwa nje huoni kitu. Tuliipiga picha kwa eksirei yao wenyewe, mpasuko ukaonekana kifuani. Aliyekuwa ameshika barua pale ni mtaalamu wa mionzi aliye peke yake zamu nzima. Angekagua vifaa hivyo saa ngapi?

Kwa maoni yangu, usalama wa mionzi uwe kada yenye muundo wake wa utumishi, hata kama ni nafasi moja kwa mkoa. Barua bila saa za kazi na bila fungu inamridhisha mkaguzi tu.

Kwa aliyeamua kuingia: kuna kozi ya uzamili ya kinga ya mionzi pale Accra, Ghana, inayofadhiliwa na IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Maombi hupitia Tume, na utahitaji mwajiri wa kukupendekeza, kwa hiyo pata ajira kwanza, hata iwe ya cheo kingine.