Majina Yaliyoandikwa Mara Mbili

Nilifika Prague, mji mkuu wa Ucheki, kwa mkutano wa siku tatu, miezi minne baada ya kumzika mama. Matanga yalikwisha kuanuliwa, ndugu wamerudi makwao. Usiku wa kuamkia siku ya mwisho kaka akanitumia picha ya kaburi: mvua za masika zilikuwa zimeanza kufuta rangi ya jina kwenye msalaba wa mbao.

Asubuhi nikaenda kwa miguu hadi Josefov, mtaa wa kale wa Wayahudi. Nilipoingia sinagogi la Pinkas nilidhani kuta zimepakwa rangi ya kijivu. Nikasogea. Yalikuwa maandishi, kutoka chini hadi juu, chumba hata chumba: majina ya Wayahudi karibu 80,000 wa Bohemia na Moravia, maeneo ya Ucheki, waliouawa na Wanazi. Jina la ukoo kwa rangi nyekundu, kisha jina la mtu, siku aliyozaliwa, na tarehe ya mwisho iliyojulikana kuwa yu hai. Hawa hawakuoshwa, hawakuvishwa sanda, hawana kaburi la kuzuru. Ukuta ndio kaburi lao.

Wachoraji Václav Boštík na Jiří John waliyaandika kati ya 1954 na 1959. Mwaka 1968 jengo likafungwa kwa sababu maji ya ardhini yalikuwa yakipanda kutani, na majina yakaharibika. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka yakaandikwa upya, kuanzia 1992 hadi 1996. Niliposikia hilo nilitafuta mahali pa kuketi. Mtu ameshika brashi, analiandika tena jina la mtoto wa kijiji asichokijua, kwa kuwa maji yamelila. Sijaona heshima inayoipita hiyo.

Ghorofani kuna michoro ya watoto waliofungwa Terezín, kambi ya Wanazi. Mwalimu wao, Friedl Dicker-Brandeis, aliacha masanduku mawili ya michoro yao kabla ya kupelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, Oktoba 1944, alikouawa. Sikuweza kukaa sana pale.

Nje ni makaburi. Jiwe la kale kuliko yote ni la 1439, na maziko yalikoma 1787. Eneo lilikuwa finyu, na dini yao inakataza kuwafukua wafu, basi wakamwaga udongo juu ya makaburi wakazika tena, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana mawe yapatayo 12,000 yamebanana, yameegemeana kama wazee. Kwenye kaburi la Rabi Loew, mwanazuoni mashuhuri wa Prague aliyefariki 1609, wageni wameacha kokoto. Wayahudi huweka jiwe, si maua, kuonyesha kwamba mtu alikuja.

Mzee mmoja aliyekuwa akiongoza wageni aliniona nimesimama muda mrefu, akaniuliza nina msiba wa nani. Nikamwambia. Akanieleza kwamba kwao wafiwa hukaa nyumbani siku 7 kwenye viti vifupi, vioo vimefunikwa, majirani wakileta chakula. Nikakumbuka mikeka yetu ya matangani. Kisha mtoto humsomea mzazi Kaddish miezi 11, sala isiyotaja kifo hata mara moja. Yote ni kumtukuza Mungu.

“Umebakiza miezi saba,” akasema.

Jioni nikiwa uwanja wa ndege nikampigia kaka.

“Usimwite fundi,” nikamwambia. “Ninunulie kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo. Nikija nitaliandika mwenyewe.”