Wakikuambia mtoto anawekewa mpira kifuani

Wazazi wengi hapa Nairobi wakisikia mtoto mwenye nimonia anatobolewa kifua awekewe mpira wa kutoa maji au usaha, jibu la kwanza ni hapana. Nawaelewa kabisa. Mpwa wangu alipolazwa, shosho yake aliposikia tu hivyo akaanza kukusanya leso na thamosi, ati twende nyumbani. Daktari akamwambia, "Shosho, kaa kwanza nikuonyeshe picha," na hapo ndio tukaelewa.

Iko hivi. Pafu limefunikwa na ngozi mbili nyembamba na katikati kuna maji kidogo sana ya kulainisha. Nimonia ikichacha hayo maji yanajaa, bakteria wakiingia yanageuka usaha, na dawa ya sindano inapita kwa damu lakini ndani ya usaha mzito haifiki vizuri, ndio unaona mtoto amedungwa siku mbili na bado anachemka na anapumua mbio mbio. Kuongeza tu dawa hapo ni kupoteza wakati. Kujua kama kuna maji, madaktari wanagonga kifua kwa vidole, wanapiga eksirei, na ultrasaundi ikipatikana ni bora zaidi kwa sababu inaonyesha kiasi cha maji na mahali pa kutoboa. Yakiwa kidogo yanaweza kukauka na dawa pekee, si kila mtoto anawekewa mpira. Na wakimpima TB pia usikasirike, nayo huleta maji hayo hayo.

Mpira unaingia upande wa kwapa, kati ya mbavu, baada ya ganzi na dawa ya maumivu. Wa kwetu ulitoa kitu kizito kama uji. Mwisho wake umezama kwenye maji ya chupa iliyo sakafuni, ndio hewa isirudi kifuani, na ukiangalia vizuri utaona maji yanapanda na kushuka ndani ya mpira mtoto akipumua. Yakiacha kucheza ita sista, labda umeziba au umejikunja, ama pafu limeshafunguka. Chupa isiwahi kupita juu ya kifua! Kuna mgeni aliinyanyua akaiweka kitandani ati anapanga vizuri, sista karibu amfukuze wodini. Na omba dawa ya maumivu bila aibu, mtoto mwenye uchungu hapumui kwa nguvu wala hakohoi.

Usaha ukigoma kutoka kuna dawa ya kuuyeyusha inayopitishwa kwa mpira, ama operesheni, lakini si kila hospitali inafanya hivyo, kwa hivyo uliza mapema kuhusu rufaa.

Chanjo ya nyumokoka, bakteria mmoja anayeleta nimonia, iko kliniki zetu tangu 2011, wiki ya 6, 10 na 14, angalia kijitabu. Haizuii kila bakteria, lakini huyo ni mmoja wa wale wabaya.

Eksirei ya baadaye isikutishe, inaweza kukaa na ukungu miezi kadhaa. Wetu alikuwa ashaanza kukimbiza wenzake kwa ngazi za ploti na picha bado chafu, daktari akacheka tu akatupa tarehe ya kurudi.